SOMO LA KAZI: HARUFU MBAYA KATIKA KIYOYOZI CHA NYUMBANI



Katika somo la toleo hili tunazungumzia kiyoyozi, yaani ile mashine ya kupoza hewa ambayo wengi wetu huiita ei-si, na hasa harufu mbaya itokayo ndani yake. Huenda msomaji akauliza: jambo hili linatuhusu nini sisi wafanyakazi, ambao wengi wetu hatuna mashine hiyo majumbani mwetu? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba mwenye nyumba ndiye alalaye chini ya kiyoyozi, lakini apandaye ngazi kukisafisha ni mfanyakazi. Chumba kikinuka, wa kwanza kulaumiwa ni mtumishi wa nyumbani. Mashine ikiharibika, anayetia mkono kwenye umeme ni fundi. Na hewa ile ile mbovu huvutwa kutwa nzima na makarani, makeshia na wahudumu wa hoteli. Kwa hiyo elimu hii ni yetu kabla haijawa ya mwenye mali.

Mji wetu wa Mbale si Mombasa. Tuko chini ya Mlima Wanale, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na siku nyingi za mwaka dirisha lililo wazi latosha. Kiyoyozi hutumika sana miezi ya kiangazi, tangu Desemba hadi Februari au Machi. Mvua zikianza huzimwa, kikasahaulika ukutani. Jinja nako mambo ni hayo hayo, na tena ziwa liko karibu. Halafu siku moja mgeni anafika, mashine inawashwa, na chumba chote kinanuka kama soksi zilizolala ndani ya viatu vilivyoloa. Wengi hufikiri kwamba mashine inayotumika kidogo haiwezi kuchafuka. Kumbe kule kukaa kwake imefungwa ikiwa na maji ndani ndiko kunakoizidishia uchafu.

Neno tunalotaka kila mmoja alishike ni hili: harufu ni taarifa. Haifai kuifunika kwa manukato. Imetupasa kuisoma, kuifuata mpaka inakotoka, kisha kuondoa chanzo chake bila kumwumiza mfanyakazi anayetumwa kazi hiyo.

KIYOYOZI HUFANYA NINI?

Watu wengi hudhani kwamba kiyoyozi huleta hewa safi kutoka nje. Sivyo. Kiyoyozi cha kawaida cha nyumbani, chenye kisanduku kimoja ukutani na kingine nje, huvuta hewa ya chumba kile kile, huipoza na kuirudisha humo humo. Kinachotoka nje ni joto na maji, si hewa. Kwa hiyo moshi wa sigara, harufu ya mukene wa kukaanga na rangi mbichi ya ukutani vyote huzunguka ndani ya mashine na kunata humo.

Ndani ya kisanduku cha ukutani mna vitu vitano vya kukumbuka. Kwanza, chujio la kuzuia vumbi. Pili, koili, yaani mabomba membamba yaliyozungukwa na vipande vyembamba vya alumini. Hiyo ndiyo sehemu ya baridi. Tatu, feni ndefu yenye umbo la pipa. Nne, sinia lililo chini ya koili. Tano, bomba dogo la kutoa maji nje.

Je, maji hayo yanatoka wapi? Angalia chupa ya soda iliyotolewa kwenye jokofu: baada ya dakika chache inatoka jasho. Jasho hilo ni unyevu uliokuwa hewani, nao umegeuka maji kwa kugusa kitu cha baridi. Koili hufanya vivyo hivyo. Siku yenye unyevu mwingi, mashine ya chumba kimoja yaweza kukusanya hata lita 1 ya maji kwa saa. Maji hayo hudondoka kwenye sinia, yakapita bombani na kwenda nje. Yakitoka yote, hakuna neno. Yakibaki, ndipo taabu ianzapo.

Yafaa tujue pia kwamba mashine hizi zilianzia kazini, hazikuanzia sebuleni. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, alitengeneza mtambo kwa ajili ya kiwanda cha kupiga chapa huko Brooklyn, mjini New York. Karatasi za kiwanda hicho zilikuwa zikitanuka na kusinyaa kwa unyevu, hata rangi zikawa hazikutani sawasawa. Na neno la Kiingereza ambalo ei-si ni kifupi chake lilitungwa mwaka 1906 na Stuart Cramer, mhandisi wa viwanda vya nguo. Yeye alitaka kinyume chake, yaani kuongeza unyevu ili nyuzi zisikatike. Wenzetu waliofanya kazi katika viwanda vya nguo vya Jinja wanaelewa jambo hilo bila kufundishwa. Basi tangu mwanzo kazi ya mashine hii ilikuwa kutawala maji yaliyo hewani. Fundi anayesahau maji, hata akijua gesi namna gani, kazi yake haijakamilika.

HARUFU HUTOKA WAPI?

Chukua vumbi, maji, giza na chakula, uviweke pamoja siku kadhaa. Utapata ukungu na vijidudu. Ndani ya kiyoyozi vyote hivyo vimo. Chakula cha vijidudu ni lile vumbi lenyewe, maana ndani yake mna nyuzi za nguo, vipande vya ngozi ya watu, mafuta ya jikoni na chavua ya maua. Vumbi linalopita kwenye chujio chafu hunata kwenye koili yenye maji, likawa tope. Kwenye sinia huota utando wa kuteleza kama kamasi. Utando huo ukiingia bombani, huliziba. Maji yakikwama, huoza. Feni nayo hupepea mambo yote hayo kuelekea usoni kwa mtu.

Jambo hili si la kuchekwa. Kwa mtu mwenye pumu au mzio, hewa yenye ukungu yaweza kumletea kikohozi, kubanwa na kifua, na macho kuwasha. Watoto wachanga na wazee huumia upesi.

Dunia ilipata somo kubwa juu ya maji machafu ya mitambo ya kupoza hewa mwaka 1976. Mwezi Julai mwaka huo, askari wastaafu wa Marekani walifanya mkutano katika hoteli moja mjini Philadelphia. Watu zaidi ya 180 waliugua homa kali ya mapafu, na 29 wakafa. Miezi ilipita bila sababu kujulikana, hadi mwaka 1977 wataalamu walipokitambua kijidudu chake, na uchunguzi ukaelekea kwenye mtambo wa kupoza hewa wa hoteli. Hatulisemi hili ili kuwatia watu hofu: mitambo mikubwa ya namna ile ina minara ya maji, na kiyoyozi kidogo cha nyumbani hakina. Lakini funzo ni moja. Maji yaliyotuama karibu na feni si ya kupuuzwa.

KUISOMA HARUFU

Kabla ya kugusa kitu, simama unuse na kuuliza maswali. Harufu zinatofautiana, na kila moja ina maana yake.

1. Harufu ya soksi chafu, ukungu au nguo zilizoanikwa ndani. Mara nyingi huwa kali mashine inapowashwa, kisha ikapungua. Hii ni dalili ya uchafu wenye maji kwenye koili, feni au sinia. Dawa yake ni kusafisha.

2. Harufu ya choo au mayai mabovu. Chunguza bomba la maji linaishia wapi. Mafundi wengine huliunganisha moja kwa moja na bomba la maji machafu, bila kuweka kona ya kuzuia gesi isirudi. Wakati wa kiangazi hata kona iliyopo hukauka, nayo gesi ya shimo la choo ikapanda hadi chumbani. Gesi hiyo ikiwa nyingi ni sumu. Bomba lapasa kumwaga maji mahali pa wazi, au liwe na kona yenye maji daima.

3. Harufu ya mzoga. Mjusi au panya ameingia, akafa. Atafutwe na kuondolewa, kisha tundu lililopitisha mabomba ukutani lizibwe.

4. Harufu ya plastiki inayoungua, au harufu kama ya samaki pasipo samaki. Huenda waya au kiungo cha umeme kinapata moto. Zima mashine kwenye swichi kuu mara moja, wala usiiwashe tena mpaka fundi wa umeme aikague. Hapo haitafutwi sabuni.

5. Harufu ya gesi ya kupikia. Gesi hii hutiwa dawa ya kunuka makusudi ili watu watahadhari. Ukiisikia, usiguse swichi yoyote, ya kuwasha wala ya kuzima. Fungua milango na madirisha, toa watu nje, na ufunge mtungi kama unafikika bila hatari.

6. Harufu nyepesi kama ya dawa au mafuta, na mashine haipozi vizuri. Huenda gesi ya kiyoyozi inavuja. Lakini gesi nyingi za viyoyozi hazina harufu ya kutegemewa, na ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini na kusukuma hewa ya kuvuta. Baadhi ya gesi za siku hizi, kama R-32 na R-290, zaweza kushika moto. Gesi kama R-22 na R-32 zikikutana na moto huzaa moshi wenye sumu. Kwa hiyo fungua madirisha, usivute sigara, usiwashe jiko wala tochi ya kuchomelea, na umwite fundi aliyefunzwa.

NAMNA YA KUSAFISHA

Harufu ya kwanza, ile ya ukungu, ndiyo ya kawaida kuliko zote. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, zima mashine kwenye swichi kuu, si kwa rimoti peke yake. Umeme wetu ni volti 240, nao hauna msamaha. Mwambie kila aliye nyumbani kwamba swichi isiguswe, na ubandike karatasi hapo. Usifungue kisanduku cha nje ikiwa wewe si fundi: ndani yake mna kifaa kinachohifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa.

Pili, tandika nailoni juu ya kitanda na sakafu. Vaa glavu, barakoa na miwani ya kukinga macho. Ngazi iwe imara, na mwenzako aishike.

Tatu, toa chujio. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ulisuuze na kulikausha kivulini. Jua kali hulipinda. Usilirudishe likiwa bichi.

Nne, safisha koili kwa brashi laini, ukifuata mistari ya alumini kutoka juu kwenda chini. Ukipitisha brashi kwa kukatisha, utaipinda na kuziba njia ya hewa. Kisha nyunyizia maji yenye sabuni kidogo kwa chupa ya mkono, na maji safi baadaye. Kinga sehemu zenye waya na kadi za umeme zisipate maji. Usitumie pampu ya kuoshea magari.

Tano, angalia feni kwa tochi. Ikiwa mabawa yake yameota ukungu mweusi, mwachie fundi aifungue, maana hapo ndipo harufu hujificha baada ya kila kitu kingine kusafishwa.

Sita, toa utando ulio kwenye sinia, kisha mimina maji polepole, kama nusu lita, huku mwenzako akitazama nje. Maji yatoke yote. Yasipotoka, bomba limeziba au halina mteremko. Bomba linalolala lapasa kushuka angalau sentimita 1 kwa kila mita 1 ya urefu wake, bila kutengeneza tumbo.

Saba, acha vikauke, rudisha vyote mahali pake, kisha washa feni peke yake kwa muda wa nusu saa, madirisha yakiwa wazi.

Baada ya hapo, weka desturi. Katika miezi ya kutumia mashine, chujio lioshwe kila baada ya wiki 2 hadi 4. Barabara ya vumbi ikiwa karibu, kila wiki 2. Sinia na bomba vikaguliwe mwanzoni mwa kiangazi na mwishoni mwake. Na kabla ya kuzima kwa msimu mzima, feni iendeshwe bila baridi mpaka ndani pakauke. Kazi hii ya mwisho haigharimu kitu ila umeme kidogo, nayo yazuia sehemu kubwa ya harufu ya mwaka unaofuata.

MAKOSA YA KUEPUKA

Kosa la kwanza ni kupuliza manukato kwenye mashine. Siku mbili baadaye utakuwa na ukungu wenye marashi. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kosa la pili ni hatari zaidi: kuchanganya dawa. Wapo wanaotia Jik pamoja na siki au dawa ya choo yenye asidi, wakiamini kwamba mbili hushinda moja. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Jik ikichanganywa na dawa yenye amonia, nayo hutoa gesi mbaya. Hata ikiwa peke yake, Jik hula alumini ya koili. Sabuni laini na maji vyatosha kwa kazi ya kawaida.

Kosa la tatu ni kununua gesi ili kuondoa harufu. Wenye mali wengi hulipishwa kwa namna hii. Gesi ya kiyoyozi si petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, wala haitumiki ikaisha. Ikipungua, pana tundu, na tundu lizibwe kwanza. Na hata mashine ikijazwa gesi mpya, ukungu ulioko kwenye sinia hautajua. Fundi mwaminifu husema hivyo waziwazi, na kwa ukweli huo huitwa tena.

Kosa la nne latuhusu sana sisi tuishio kando ya Mto Nabuyonga. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mto huu na mingine ya hapa ilifurika, na zaidi ya watu 20 wa Mbale na sehemu za jirani wakapoteza maisha. Mafuriko huacha tope na unyevu ndani ya nyumba kwa muda mrefu. Kisanduku cha nje kilichofunikwa na maji kisiwashwe hata kidogo kabla fundi hajakifungua, kukikausha na kukipima. Na ukuta ulioloa ukaushwe kwanza kwa kufungua madirisha, maana kiyoyozi katika chumba chenye ukungu huusambaza tu.

HAKI NA WAJIBU

Mara nyingi kisa huenda hivi. Chumba kinanuka, bosi anamwita mtumishi na kumwambia kwamba hakusafisha. Mtumishi hakuonyeshwa hata siku moja namna ya kufungua mashine. Anapewa kitambaa, ndoo na chupa ya Jik, kisha anapanda juu ya kiti. Akianguka, au akivunja kifuniko, husikia kwamba mshahara wake utakatwa.

Ndugu, mambo hayo hayafai. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 yamtaka mwajiri alinde usalama na afya ya wafanyakazi wake. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo haimruhusu mwajiri kukata mshahara apendavyo. Kimataifa, Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa mahali penye hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu za msingi, asiadhibiwe. Na Mkataba Na. 189 wa mwaka 2011 unatamka wazi kuwa mtumishi wa nyumbani naye ana haki ya mahali salama pa kazi. Nyumba ya mtu ni mahali pa kazi kwa yule anayelipwa kuifanyia kazi.

Lakini haki huandamana na wajibu. Mfanyakazi aliyefunzwa kuosha chujio na akaacha kuliosha hawezi kujificha nyuma ya chama. Akisikia harufu ya kuungua akanyamaza, anaweka watu wote wa nyumba hiyo hatarini. Kwa hiyo twashauri kila mmoja awe na daftari dogo: tarehe ya kuosha chujio, tarehe ya kukagua bomba, harufu iliyosikika na nani aliyeambiwa. Daftari hilo litamsaidia fundi kupata chanzo upesi. Na siku ya lawama ndilo litakalosema ni nani aliyefanya kazi yake na ni nani aliyekataa kumwita fundi ili kubana pesa.

Kwa mafundi wenzetu tunaongeza neno moja. Msiondoke kwenye kazi bila kumwonyesha mtumishi wa nyumba ile swichi kuu iko wapi, chujio hutolewaje, na maji yatoke wapi. Ni kazi ya dakika 10. Elimu mkiyomwachia mwenzenu haipunguzi riziki yenu. Yaongeza usalama wake.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Mahali pako pa kazi, maji ya kiyoyozi hutokea wapi? Nenda ukatazame kabla ya kujibu.

2. Ni harufu zipi ambazo zikisikika yafaa kuzima umeme, na ni ipi ambayo ikisikika swichi isiguswe kabisa? Eleza sababu.

3. Mwajiri amekupa Jik na dawa ya choo, akuambie uzichanganye. Utamwelezaje kwa adabu lakini bila kulegea?

4. Tawi letu laweza kufanya nini ili watumishi wa nyumbani, ambao kila mmoja hufanya kazi peke yake, wapate mafunzo haya na glavu za kufanyia kazi?

Tunawaomba viongozi wa matawi walisome somo hili kwa sauti mkutanoni, na wale wanaojua kusoma wawasomee wenzao. Kiangazi kikija, mashine zitawashwa tena, na wanaotumwa kuzifungua ni sisi.

Umoja ni nguvu.